Usimwage hayo maji! Historia fupi ya bahari ndani ya kioo

Nimepotea kwa muda, na safari hii kisingizio changu si kazi wala stima. Nilikuwa nahangaika na maji. Lita 200 za maji ya chumvi, sebuleni kwangu hapa Eldoret, kilomita 800 hivi kutoka Bahari ya Hindi ukienda kwa barabara.

Wanaonifahamu wanajua kuwa siku nyingi nimetamani tangi la samaki wa baharini. Sisemi wale wa dhahabu wa maji baridi. Nasema wale wa kwenye matumbawe, wenye mistari ya chungwa na nyeupe, ambao watoto wote wanawaita Nemo tangu ile filamu ya mwaka 2003. Basi nikanunua kioo, pampu, kifaa cha kupasha maji joto, kilo saba za chumvi ya akwariamu (gramu 35 kwa kila lita, piga hesabu mwenyewe) na samaki wawili kutoka Pwani. Siku ya tisa maji yakageuka meupe kama maji ya kuoshea mchele. Rafiki yangu mmoja, mtu wa tarakilishi kama mimi, akanipa ushauri ule ule tunaowapa watu ofisini kila siku: zima, washa upya. Yaani mwaga yote, osha kila kitu, anza mwanzo.

Nikamwaga. Nikasugua mawe kwa maji ya bomba mpaka yakang'aa. Nikajaza maji mapya, na jioni ile yalikuwa maangavu hata ungedhani samaki wanaelea hewani. Siku ya tatu samaki mmoja alikuwa amekufa. Maji bado yanang'aa vile vile.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Inawezekanaje samaki aishi katika maji yaliyochafuka, halafu afe katika maji maangavu? Kumbe swali hili lina umri wa karibu miaka 180, na majibu yake yamekuja kipande kwa kipande, kutoka kwa watu ambao wengi wao hawakuwa hata wavuvi. Hebu tulifuate.

Mwaka 1832, Mfaransa Jeanne Villepreux-Power, aliyekuwa akiishi Messina katika kisiwa cha Sicily, alitengeneza masanduku ya kioo ili amchunguze pweza wa gamba akiwa hai. Lakini Messina ni mji wa bandari. Bahari ilikuwa mlangoni kwake. Shida yetu sisi watu wa bara ilianza London mwaka 1846. Anna Thynne, mke wa kasisi, alitoka likizo huko Torquay, kusini magharibi mwa Uingereza, akarudi mjini na matumbawe hai ndani ya chombo. Maji ya bahari London hayachotwi kisimani, kwa hiyo kuyabadilisha kila siku kulikuwa kazi kubwa. Akaamua kuyatumia yale yale. Mfanyakazi wake wa nyumbani alisimama mbele ya dirisha wazi akiyamimina kutoka chombo kimoja hadi kingine, nusu saa hadi dakika arobaini na tano kwa siku, ili yapate hewa. Mwaka uliofuata akaongeza mwani ndani. Matumbawe yake yaliishi karibu miaka mitatu, tena yakazaana.

Ukitazama vizuri, pampu yangu ya hewa ni yule mfanyakazi wa London aliyegeuzwa kuwa mashine.

Sasa tuje kwa mtu wa kwanza kukabiliana na maji yaliyobadilika rangi kwa njia ya kitaalamu. Anaitwa Robert Warington, mkemia, naye pia wa London. Mwaka 1849 aliweka samaki wawili wadogo wa dhahabu katika chombo cha maji baridi pamoja na mimea ya majini. Nadharia yake ilikuwa safi: mmea unatoa oksijeni, samaki anaitumia; samaki anatoa kaboni dioksidi, mmea unaitumia. Mzunguko umekamilika. Kwenye karatasi ilikuwa sawa kabisa (ni nani kati yetu ambaye programu yake haikuwa sawa kwenye karatasi?). Ila majani ya zamani yakaanza kuoza, maji yakachafuka, utando wa kijani ukatanda kwenye kioo, na samaki wakawa hatarini.

Warington hakumwaga. Alijiuliza: katika bwawa la kawaida majani yanaoza kila siku, mbona bwawa haliharibiki? Nani anayeyala? Akaenda kutafuta konokono wa majini, watano au sita, akawatia ndani. Konokono wakala uozo na ule utando, maji yakatulia. Alitoa taarifa yake mwaka 1850. Miaka miwili baadaye alikuwa anajaribu jambo hilo hilo kwa maji ya bahari. Kwa lugha ya kazi yetu, Warington alipata mdudu katika programu yake akamwondoa kwa kuongeza mdudu mwingine.

Baada yake mambo yakalipuka. Kodi ya vioo Uingereza ilikuwa imefutwa mwaka 1845, kwa hiyo kioo kilikuwa nafuu. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki ambayo watu wa kawaida waliweza kuingia na kutazama. Mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake juu ya akwariamu, na kila sebule yenye uwezo ikataka tangi lake. Gosse pia alitangaza njia ya kutengeneza maji ya bahari bila bahari: chumvi ya mezani, chumvi ya Epsom, kloridi ya magnesi na kloridi ya potasi, vyote vikipimwa kwa mizani. Kilo zangu saba ni mjukuu wa fomula hiyo. Mtu wa Eldoret asingekuwa na samaki wa baharini kama si hesabu za miaka ya 1850.

Lakini masebule hayo yakapata tatizo ambalo nawe utalipata ukiweka tangi lako dirishani: maji ya kijani. Si utando wa kwenye kioo, bali maji yenyewe kugeuka kama supu ya mchicha. Sababu ni mwani mdogo mno, chembe moja moja zinazoelea, zinazokula mwanga na mbolea iliyomo majini. Ukimwaga nusu ya maji unapunguza nusu ya chembe. Mwanga ukibaki na mbolea ikibaki, baada ya siku chache zimezaana upya. Unafuta faili huku programu inayoziandika bado inaendelea kufanya kazi.

Aliyelitatua hili kwa kiwango kikubwa ni William Alford Lloyd, mfanyabiashara wa akwariamu wa London. Alitambua kuwa maji ya bahari yaliyogeuka kijani, ukiyaweka gizani, yanarudi kuwa maangavu yenyewe, bila kuongeza chochote. Mwani bila mwanga unakufa, na viumbe wengine wanamalizia kazi. Basi alipojengewa akwariamu kubwa, Hamburg mwaka 1864 na Crystal Palace ya London mwaka 1871, alitumia wazo hilo. Chini ya matangi ya maonyesho aliweka hifadhi kubwa ya maji, yenye giza, kubwa kuliko matangi yote ya juu yakijumlishwa. Pampu zilizungusha maji usiku na mchana: juu kwenye mwanga na samaki, chini kwenye giza na utulivu. Maji yale yale, mwaka hadi mwaka. Leo hii mtu akiweka tangi la pili chini ya kabati ili maji yapite huko kabla ya kurudi juu, anafanya alichofanya Lloyd.

Haya, kijani tumekielewa. Lakini mimi sikuwa na kijani. Nilikuwa na weupe, na weupe ndio uliochelewa zaidi kueleweka.

Mwaka 1877 wanakemia wawili wa Ufaransa, Schloesing na Müntz, walipitisha maji machafu ya mjini polepole kwenye bomba refu lililojaa mchanga na chokaa. Amonia iliingia juu, amonia ikatoka chini. Siku ya kwanza, ya pili, ya kumi... hakuna mabadiliko. Baada ya siku kama ishirini amonia ikaanza kupotea na badala yake ikatoka nitrati. Wakatia mvuke wa klorofomu, kazi ikasimama papo hapo. Ingekuwa kemia tupu isingesubiri siku ishirini, wala isingesimamishwa na dawa ya usingizi. Kulikuwa na kitu hai ndani ya mchanga ule.

Huko Uingereza, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, mtu mwingine alilifuatilia jambo hilo miaka mingi. Alionyesha kuwa kazi hiyo ina hatua mbili, zenye viumbe tofauti: wa kwanza anageuza amonia kuwa nitriti, wa pili anageuza nitriti kuwa nitrati. Jina lake? Robert Warington. La hasha, si yule wa konokono. Ni mwanawe! Baba alitafuta nani anakula uozo unaoonekana, mwana akatafuta nani anakula sumu isiyoonekana. Warington mwana hakufaulu kuwatenga viumbe hao peke yao. Heshima hiyo ilikwenda kwa Mrusi Sergei Winogradsky karibu mwaka 1890. Na hadithi haikuishia hapo. Kwa miaka mingi vitabu vya samaki vilisema anayefanya hatua ya pili katika matangi ni bakteria aitwaye Nitrobacter. Mwaka 1998 watafiti walipopima kwa vinasaba wakakuta anayefanya kazi hiyo humo ni mwingine, Nitrospira. Miaka karibu mia moja tulikuwa tunamshukuru mtu ambaye hakuwepo kazini.

Sasa unganisha na sebule yangu. Amonia, ambayo samaki huitoa kwa mashavu yake kila anapopumua, haina rangi. Nitriti haina rangi. Maji yanaweza kung'aa kama kioo cha benki na yawe yanaua. Ule weupe wa siku ya tisa ni bakteria wa aina nyingine, wanaokula mabaki ya chakula na kuzaana haraka haraka kwenye tangi jipya ambalo bado halijapata mizani yake. Mara nyingi huisha wenyewe baada ya siku kadhaa, chakula chao kikiisha. Wakati huo huo, wale wafanyakazi wa Schloesing na Müntz walikuwa ndio kwanza wanajishikiza kwenye mawe yangu, wakihitaji wiki chache tu. Nami nikachukua brashi na maji ya bomba yenye klorini nikawafuta wote. Weupe uliondoka na wakombozi wakaondoka nao. Samaki akabaki na amonia peke yake.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Walikuwa wanasema mambo mengine, lakini najua wangenielewa.

Kwetu Eldoret weupe una hatari moja zaidi ambayo vitabu vya watu wa pwani haviitilii maanani. Tuko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ina karibu robo tatu na ushei tu ya mgandamizo wa Mombasa, kwa hiyo maji yale yale, kwa joto lile lile, yanabeba oksijeni pungufu kwa kama sehemu moja ya tano. Maji ya chumvi nayo hubeba pungufu kuliko maji baridi. Wakimbiaji wetu wamezoea. Samaki wa matumbawe hakuzoea. Bakteria wakilipuka wanavuta oksijeni hiyo hiyo kidogo. Kwa hiyo dawa ya weupe hapa ni kupunguza chakula, kuongeza mapovu ya hewa, kutikisa uso wa maji, na kuwa na pampu ndogo ya betri kwa ajili ya siku stima inapopotea. Yaani tumerudi kwa mfanyakazi wa Anna Thynne dirishani.

Imebaki rangi ya tatu, nayo ndiyo ninayoipenda kwa sababu inatuhusu sisi. Tangi likizeeka miezi kadhaa, maji yanapata umanjano. Hutauona mpaka uweke sahani nyeupe nyuma ya kioo. Ni mabaki ya mimea, mwani na chakula yaliyoyeyuka, yasiyooza kwa urahisi. Hata bahari yenyewe inayo. Mkemia wa Kijerumani Kurt Kalle aliichunguza katika miaka ya 1930 akaiita kwa Kijerumani "Gelbstoff", yaani kitu cha njano. Watu wa Pwani hawakumsubiri. Chai isiyo na maziwa wanaiita chai ya mkandaa, na mkandaa ni mti wa mikoko ambao magome yake hutoa rangi nyekundu ya kahawia na hutumika kulainisha ngozi. Kinachotoa rangi katika magome hayo kinaitwa tanini, ndugu wa karibu wa hiyo njano.

Eldoret nayo imewahi kula kwa tanini. Miti ya miwati iliyotoka Australia ilipandwa maelfu kwa maelfu ya ekari kandokando ya mji huu, na kampuni ya EATEC ilikuwa ikikamua magome yake kupata tanini ya kuuza ng'ambo. Na shina lililobaki baada ya kubanduliwa gome? Muulize mama yeyote aliyepikia jikoni la makaa hapa: makaa ya miwati ni mazuri mno. Tazama basi: mti mmoja, gome lake linatia maji rangi, na mkaa wa aina ya kuni zake ndio unaoiondoa.

Nguvu hiyo ya mkaa iligunduliwa mwaka 1785 na mfamasia Tobias Lowitz huko St. Petersburg, Urusi, alipoona unga wa mkaa unanyonya rangi kutoka kwenye kemikali zake. Viwanda vya sukari Uingereza vikauchukua mwaka 1794 kusafishia sukari, na mwaka 1811 Mfaransa Figuier akaonyesha kuwa mkaa wa mifupa unafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Raphael von Ostrejko akapata hati miliki za kuutia mkaa nguvu kwa mvuke na kemikali, ukawa na vitundu vidogo visivyohesabika. Huo ndio mkaa wa akwariamu unaouzwa leo. (Tafadhali usitie makaa ya jikoni kwenye tangi. Majivu yake yatakuletea kesi nyingine.) Tena mkaa una kikomo: ukijaa, umejaa, unautoa na kuweka mwingine. Na hauondoi amonia katika maji ya chumvi. Unaondoa rangi, hautibu ugonjwa.

Ujerumani katika miaka ya 1960 ikaleta njia nyingine: kupuliza vipovu vidogo sana ndani ya bomba lenye maji ya tangi, uchafu unanata kwenye povu, povu linapanda na kutupwa nje kabla halijaoza. Ukishaona povu la kahawia ufukweni siku ya upepo, umeona mashine hiyo ikifanya kazi bure. Na mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta, mji wa joto kando ya bahari kama Mombasa, aliandika katika jarida la Marekani kuwa yeye hana mashine: ana mawe hai kutoka kwenye mwamba wa matumbawe, maji ya bahari na vipovu vya hewa. Mawe yenyewe, pamoja na wakazi wake, ndiyo kichujio. Wengi walimpuuza miaka mingi. Leo karibu kila tangi la matumbawe duniani linafuata sehemu ya wazo lake.

Ukiyapanga majibu yote haya utaona yana tabia moja. Konokono, giza, mchanga wa siku ishirini, mkaa, povu, mawe hai: hakuna hata moja ambalo ni kumwaga na kuanza upya. Kila aliyefaulu aliichukua rangi kama ujumbe wa kosa, akausoma. Kijani kinasema mwanga na mbolea vimezidi. Weupe unasema chakula kimezidi na mizani bado. Njano inasema tangi limezeeka bila kuchujwa. Na maji maangavu hayasemi chochote, ndiyo maana kipimo cha amonia cha bei nafuu ni cha lazima kuliko taa ya bei ghali. Kubadilisha maji kidogo kidogo ni sawa kabisa, sehemu ya kumi au ya tano kwa wakati, kwa maji yaliyokwisha kuondolewa klorini. Kufuta kila kitu ndiko kunakoua.

Kwa nini nayatilia uzito hivi, na ni samaki mmoja tu? Kwa sababu samaki yule hakutengenezwa kiwandani. Samaki wa baharini wa mapambo wanaouzwa Kenya karibu wote wanakamatwa baharini: mzamiaji wa Shimoni au Kanamai anashuka na wavu mdogo, anamtoa mmoja mmoja kwenye matumbawe. Gosse mwenyewe aliishi kuona vidimbwi vya ufukweni alivyovisifia vikikombwa na wasomaji wake. Mwanawe Edmund aliyasimulia hayo kwa masikitiko mwaka 1907. Sisi tulitangulia kuweka hifadhi za bahari Malindi na Watamu mwaka 1968, ambamo haruhusiwi mtu kutoa kitu. Lakini nje ya hifadhi kila samaki anayefia sebuleni anaagizwa mwingine badala yake. Programu ikianguka naiwasha tena. Huyu alisafirishwa kilomita 800 akafa kwa sababu niliona haraka kupata maji yanayopendeza wageni.

Yule wa pili bado yu hai. Maji yalirudi kuwa meupe baada ya wiki, nami nikakaa kimya, nikampa chakula kidogo, nikaongeza mapovu, nikapima kila jioni na kubadilisha sehemu ndogo kipimo kilipopanda. Siku ya ishirini na sita amonia ikasoma sifuri. Maji yalikuwa na ukungu kidogo bado. Mgeni aliyekuja siku hiyo aliniuliza mbona sisafishi tangi.

Nikamwambia linajisafisha. Haya, kwa leo tuishie hapo. Wiki ijayo narudi kwenye tarakilishi, naahidi.